Nani Alikuchagulia Hiyo Kompyuta?

Wadau, leo sina video. Leo ni maandishi tu, tena marefu kidogo, kwa hivyo chukua chai yako na mahamri ukae vizuri.

Wiki chache zilizopita mama mdogo wangu aliniita kwake hapa Tiwi akanipa bahasha. Ndani mlikuwa na shilingi 40,000, noti za elfu moja zimefungwa raba. Zamu yake ya chama ilikuwa imefika. Akaniambia, "Mwanangu, nichagulie kompyuta. Mimi hayo mambo siyajui, lakini wewe umeyasomea."

Hapo kwa "umeyasomea" nikainama. Mnajua mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilikwama, mwisho nikachoka kuzungushwa. Nyumbani wote wanajua. Lakini kwa mamdogo, ile miaka miwili ya kompyuta ni kama udaktari.

Nikamwuliza anataka ya aina gani. Hakusema RAM, hakusema kasi, hakusema rangi. Aliuliza swali moja tu: "Ikiharibika, nitampelekea nani?"

Nimelala na hilo swali siku nyingi. Ndilo lililonifanya nianze kusoma historia ya haya madude. Nimegundua kwamba karibu kila mtu aliyewahi kutuchagulia kompyuta, kuanzia serikali mpaka makampuni ya ng'ambo, hilo swali hakuliuliza.

Lakini kwanza muelewe kwa nini mamdogo aliuliza. Ana kibanda karibu na barabara kubwa. Anatoa fotokopi, anapiga picha za pasipoti, anachapisha barua, na zaidi ya yote anawasaidia watu kwa iTax, eCitizen, HELB na KUCCPS. Kama wewe ni wa huku unajua biashara hiyo msimu wake ni upi. Tarehe 30 Juni ni mwisho wa kupeleka ritani za kodi, na wiki za mwisho watu hupanga foleni mpaka nje. Sasa mwaka jana, mapema Juni, kompyuta yake ikazima. Ilikuwa ile ya ofisini iliyotumika Ulaya, ndogo nyembamba, nzuri kabisa kwa macho. Kampuni iliyoitengeneza siitaji.

Fundi wa Ukunda akaifungua. Madabodi nzima, RAM nzima, diski nzima. Kilichokufa ni pawa saplai peke yake, lile boksi la kugawa stima ndani. Kitu cha shilingi elfu chache. Lakini plagi yake haikuwa ya kawaida, na boksi lenyewe lilikuwa jembamba, limekatwa kutoshea kasha lile tu. Fundi akapiga simu Mombasa, hakuna. Akapiga Nairobi, akaambiwa asubiri. Wiki tatu mamdogo alikaa na mashine ya fotokopi huku wateja wake wakipanda matatu kwenda Ukunda kufanya ritani. Boksi lilifika Julai.

Kwa hivyo akiuliza "nitampelekea nani," anaulizia Juni yake.

Haya, sasa turudi nyuma.

Hapa Kwale ukishika barabara ya kusini ukapita Msambweni, unafika Lunga Lunga, ukivuka uko Tanzania. Kwa hao jirani zetu kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Miaka tisa baadaye, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini pamoja na vifaa vyake. Mfumo wa kompyuta wa hesabu za serikali ulikuwa umeleta hasara, na pesa za kigeni zilikuwa haba. Ukisikia leo unaweza kucheka, ati nchi nzima inakataa kompyuta. Mimi sicheki. Kompyuta ya wakati ule ilikuwa inajaza chumba. Unainunua kwa kampuni moja, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayokuletea fundi, kipuri, programu, mpaka karatasi. Ikileta hasara huwezi kutoa kipande kimoja ukaweka cha mwingine. Ama ukae nayo, ama uikatae. Tanzania ikaikataa. Marufuku ile ilikuja kulegezwa baadaye, lakini swali la mamdogo liko pale pale mwaka 1974: ikiharibika, tunampelekea nani?

Sasa ruka mpaka Marekani, mwaka 1980. IBM ndiyo iliyokuwa mfalme wa kompyuta kubwa, na desturi yake ilikuwa kutengeneza kila kitu yenyewe. Lakini kompyuta ndogo za mezani zilikuwa zimeanza kuuzwa na Apple na wengineo, na IBM ilikuwa imechelewa. Kundi dogo la wahandisi huko Boca Raton, Florida, likapewa kama mwaka mmoja hivi kutoa mashine. Mwaka mmoja haukutosha kutengeneza kila kipande, kwa hivyo wakafanya vile ninavyofanya mimi nikienda mjini: wakanunua vilivyoko sokoni. Prosesa wakachukua Intel 8088. Programu ya kuendesha mashine wakapata kwa Microsoft. Drevu za floppy wakachukua kwa Tandon, printa kwa Epson. Tarehe 12 Agosti 1981 wakaizindua, bei ikianzia dola 1,565, RAM yake kilobaiti 16. Picha moja unayotuma WhatsApp leo haiwezi kuingia humo.

Halafu wakafanya jambo jingine, na hili ndilo lililobadilisha dunia. Wakauza kitabu chenye michoro ya saketi za mashine ile, ili watu wengine waweze kutengeneza kadi za kuchomeka ndani. Kwa hivyo kampuni kubwa kuliko zote ikatoa mashine ya vipuri vya kununua, na ramani yake ikaiweka mezani. Hawakufanya hivyo kwa roho nzuri. Walifanya kwa sababu walikuwa na haraka.

Kilichobaki kuwa mali ya IBM peke yake ni programu ndogo inayoamsha mashine, inaitwa BIOS, ambayo kisheria huruhusiwi kuinakili. Kampuni mpya ya Texas kwa jina Compaq ikapata njia. Kundi moja la wahandisi likachunguza BIOS ya IBM na kuandika inafanya kazi gani. Kundi la pili, ambalo halikuwahi kuiona, likaandika mpya kwa kufuata maelezo yale tu. Ikawa inafanya kazi ile ile bila kunakili hata mstari. Compaq wakatangaza mashine yao Novemba 1982. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikaanza kuuzia BIOS ya namna hiyo yeyote anayetaka. Hapo mlango ukavunjika. Mtu yeyote mwenye meza na bisibisi angeweza kuunganisha kompyuta.

IBM ilijuta. Mwaka 1987 ikatoa mashine mpya zilizoitwa PS/2, zenye nafasi ya kadi ya aina yake peke yake, na aliyetaka kuitumia ilibidi alipie leseni. Walitaka kufunga mlango. Mwaka 1988 kampuni tisa zikiongozwa na Compaq zikakubaliana kiwango chao, na sokoni watu hawakumfuata IBM. Mwaka 1995 Intel ikatoa kiwango kinachoitwa ATX: tundu za skrubu zikae wapi kwenye madabodi, boksi la stima liwe na ukubwa gani, plagi iwe na pini ngapi. Mwanzo zilikuwa 20, baadaye zikawa 24. Na IBM yenyewe? Biashara yake ya kompyuta ndogo iliishia kwa Lenovo mwaka 2005.

Nataka mshike hiyo plagi ya pini 24. Ndiyo jibu la mamdogo, kwa kipimo cha plastiki. Pawa saplai yoyote ya ATX unayoikuta dukani Mombasa, Dubai ama Dar, utaichomeka kwenye madabodi yoyote ya ATX. Hujui aliyeitengeneza, na hahitaji kukujua. Kwa mtu wa mbali na kiwanda kama sisi, naona hicho ni kitu kikubwa kuliko kasi yoyote ile.

Sasa hizi mashine zilitufikiaje huku? Nyingi zilifika zikiwa zishatumika. Kuna watu walipanga hilo jambo kwa nia njema kabisa. Mwaka 2002 hapa Kenya ilianzishwa Computers for Schools Kenya, iliyokuwa ikipokea kompyuta zilizotumika, kuzitengeneza upya na kuzipeleka shuleni. Halafu mwaka 2009 kebo za chini ya bahari zikafika Mombasa: TEAMS ilitokea Fujairah ikafika Juni, na SEACOM ikawashwa tarehe 23 Julai. Kabla ya hapo intaneti yetu ilikuwa inapita kwa setilaiti, polepole na ghali. Baada ya kebo saiba zikaota kama uyoga, na saiba inataka mashine, na mashine za bei nafuu ni za mtumba. Eks-UK, eks-Dubai, mnazijua.

Mwaka huo huo wa 2009 Uganda ikatangaza kuzuia vifaa vya stima vilivyotumika: friji, runinga, na kompyuta zikiwemo. Sababu yao ilikuwa takataka. Walisema nchi tajiri zinatumwagia uchafu kwa jina la biashara. Na hapo lazima niwe mkweli, hoja ile ina uzito. Nenda nyuma ya duka lolote la fundi uone mirundo ya vioo vilivyokufa na waya zinazochomwa kutolewa shaba. Moshi ule tunauvuta sisi, waliotuuzia hawapo.

Lakini naona Uganda, sawa na Tanzania ya 1974, iliuliza swali la mlangoni: iingie ama isiingie? Swali la mamdogo ni la ndani ya nyumba. Ikishaingia, inafunguka? Kompyuta ya mtumba inayokubali kipuri cha kawaida inaweza kuishi miaka kumi mingine. Isiyokubali ni takataka siku ya kwanza stima ikiipiga, hata kama vipande tisa kati ya kumi ni vizima. Mnaona hiyo? Uchafu na kipuri ni kesi moja.

Na mlango unafungwa tena, tena kimya kimya. Chukua mfano ambao mtu yeyote anaweza kuuthibitisha kwa kufungua kasha. Dell OptiPlex 7010 ya zamani, ile ya mwaka 2012, ina plagi ya pini 24 ya kawaida. OptiPlex 9020 iliyoifuata mwaka 2013 ina pini 8 za aina yake. HP nao EliteDesk 800 G1 ya mwaka huo huo plagi yake kuu ni ya pini 6. Kwa ofisi ya London hilo si tatizo. Wana mkataba, wanapiga simu, fundi wa kampuni anakuja, na baada ya miaka michache wanazitoa zote wanaleta mpya. Mtu wa manunuzi wa London alichagua vizuri, kwa ajili ya London. Ni vile tu mashine yake haikuishia London. Iliishia Tiwi, ambako chumvi ya bahari inakula chuma na stima inakatika ikirudi kwa kishindo.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ikaacha kuihudumia Windows 10 kama zamani. Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa hivyo ofisi za huko zinatoa mashine zao za kizazi cha nne, cha sita, cha saba, na sisi tutaziona kwa wingi, tena kwa bei ya kutupa. Ukiona bei imeshuka ghafla, jiulize nani anazikimbia. Si kwamba ni mbaya. Ukiweka Linux zinafanya kazi vizuri sana, mimi mwenyewe naandika haya kwa mashine ya kizazi cha nne. Lakini mimi najua kujirekebishia. Mamdogo ana wateja wanaomwachia PIN za KRA na picha za vitambulisho. Mashine isiyopata viraka vya usalama, kwa kazi yake, si bei rahisi.

Na RAM je? Mwisho wa 2025 bei zikapanda kwa sababu viwanda vinakimbilia kuuzia vituo vya akili bandia. Desemba hiyo Micron ikatangaza kwamba inaacha kuuza Crucial, jina ambalo sisi wa kununua kipande kimoja kimoja tumelizoea. Hapo tena kuna mtu mbali huko amechagua, na aliyemchagua si sisi.

Sasa kabla hamjaniona mjanja, niwape dhambi yangu. Kabla ya mamdogo niliwahi kumchagulia rafiki yangu mmoja. Alikuwa anapiga video za harusi, akakusanya pesa kwa miezi, akanipa nimjengee kompyuta. Mimi nikachukua pesa yake nikanunua ndoto yangu. Nikamwekea kadi ya picha ya RX 580 iliyotumika, inayokula wati 185, kutoka lile wimbi la kadi zilizochoshwa na kuchimba Ethereum. Mwaka 2022 mwezi wa tisa Ethereum iliacha mtindo ule wa kuchimba, kadi zikamwagika sokoni kote. Ilikuwa bei poa, nikaona nimeokota dhahabu. Pesa ikaisha. Pawa saplai nikaweka ya shilingi 1,500, nyepesi kama boksi la viatu, haina jina. Nilijua. Nilijua kabisa. Nikajiambia atabadilisha baadaye.

Jioni moja stima ikapotea, ikarudi, na chumba chake kikanuka plastiki. Saplai ilikufa ikaenda na madabodi na diski, na ndani ya diski mlikuwa na harusi mbili za watu. Harusi hairudiwi, wadau. Hakunigombeza. Alisema tu, "Si kitu, bana." Mpaka leo sijui nimjibu nini. Nimemlipa nusu.

Hapo nilijifunza kwamba kumchagulia mtu si kujua vipuri. Vipuri unaweza kujua kwa wiki mbili za YouTube. Kazi ni kutoa tamaa yako kwenye orodha.

Kwa hivyo kwa mamdogo nilianza na kalamu. Nikakaa kibandani kwake siku nzima, nikaandika anachofanya. Anafungua kurasa za serikali, mara nyingine kumi kwa wakati mmoja. Anachapisha. Anapunguza picha za pasipoti. Anaskani. Jioni mwanawe anafanya kazi ya shule. Hakuna gemu, hakuna video. Kadi ya picha ikaondoka kwenye orodha hapo hapo, roho ikiniuma kidogo, siwafichi. Skrini anayo na ni nzima. Printa anayo. Halafu nikaenda kwa fundi wa Ukunda, yule yule, nikampa salamu nikamwuliza, "Ami, ukiletewa mashine usiku wa tarehe 29 Juni, ungetaka iwe na nini ndani?" Akacheka sana. Hajawahi kuulizwa. Akasema, "Vitu ninavyo kwa rafu, kijana. Vitu ninavyo kwa rafu tu."

Siku ya pili nikapanda matatu mpaka Likoni, nikavuka feri kwa miguu, nikaingia mjini. Orodha ilikuwa hivi.

Madabodi ndogo ya H310 pamoja na prosesa i3-8100, zote zilizotumika, shilingi 13,500. i3-8100 ni ya mwishoni mwa 2017, ina koa nne, inatoa picha yenyewe bila kadi, na iko kwenye orodha ya Windows 11. Hapa kuna mtego, shikeni vizuri. Duka la kwanza lilinipa prosesa hiyo na madabodi ya H110, bei chini kwa 2,000. Tundu la prosesa zote mbili linaitwa LGA 1151, na ukiiweka inakaa sawasawa. Lakini H110 ilitengenezewa kizazi cha sita na cha saba, ya nane haiwaki. Muuzaji labda hakujua. Mwombe mtu akuwashie mbele yako, usione haya. Na kwa sisi wa pwani, geuza madabodi uangalie nyuma na kwenye tundu za kebo: ukiona ukijani ama vumbi jeupe, chumvi imeshaanza kula. Rudisha.

RAM gigabaiti 8, kipande kimoja, 4,500. Kipande kimoja makusudi, ili nafasi ya pili ibaki wazi siku akipata pesa. SSD ya gigabaiti 256, mpya, 3,500. Kasha la kawaida la ATX lililotumika, kubwa, lina kovu ubavuni, 2,500. Kibodi na kipanya, 1,000.

Pawa saplai mpya ya wati 450, yenye jina na waranti, 5,000. Mashine yote haili hata nusu ya hizo wati. Lakini ina plagi ya pini 24, na fundi wa Ukunda anazo tatu kwa rafu, nimeziona kwa macho yangu. Na UPS ndogo ya kushikilia stima dakika chache, 6,500. Jumla ni 36,500. Nauli na chakula, 500.

Najua mtasema nini, maana nimeshaambiwa. "Kwa pesa hiyo si ungepata ya ofisini ya kizazi cha nane, i5, nyembamba, inapendeza, na chenji?" Ndio, ningepata. Ingekuwa na kasi zaidi, tena ingekula stima kidogo. Na kama unamnunulia mwanafunzi anayekaa Nairobi, hatua chache kutoka Luthuli, chukua hiyo, mimi sitabishana na wewe. Pale kipuri cha ajabu kinapatikana kwa kuuliza maduka matano. Kompyuta nzuri ya Nairobi na kompyuta nzuri ya Tiwi si lazima iwe moja. Mtu wa London alichagua kwa ajili ya London. Nikichagua ya Nairobi nikaileta Tiwi, nimefanya kosa lile lile, sema nimelifanya kwa Kiswahili.

Kuna pia watakaosema historia yote hii ya nini, ni boksi tu la chuma. Mimi nasema hapana. Watu waliamua plagi iwe na pini ngapi. Mara moja waliamua kwa haraka, mlango ukabaki wazi, na sisi wa mwisho wa foleni tukapata kuingia. Sasa wanaamua tena, na RAM inaunganishwa moja kwa moja kwenye bodi, ama na prosesa kabisa kama Apple walivyofanya na M1 mwaka 2020. Ukinunua bila kuuliza, umewapigia kura. Hatuna viwanda, lakini tuna bahasha za chama, na zikijumlishwa si pesa kidogo.

Niliiunganisha nyumbani kwa mamdogo juu ya meza ya kulia, mwanawe akinishikia tochi ya simu. Nilimwachia afunge skrubu za pawa saplai yeye mwenyewe. Mara ya kwanza alifunga moja upande upande, tukafungua, akarudia. Kabla ya kufunga kasha nikabandika karatasi ndani ya mlango: jina la kila kipuri, bei, tarehe, na namba ya fundi. Kama siku ile nitakuwa nimehama ama nimekufa, yeyote atakayefungua atajua anatafuta nini.

Nikamrudishia 3,000. Akahesabu, akachomoa 1,000 akanisukumia, nikakataa, akanitazama lile jicho la mama. Nikapokea. Nimeituma kwa rafiki yangu wa harusi. Bado namdaiwa.

Mamdogo akabonyeza swichi, ikawaka. Hakusema ni ya kasi. Aliinama akachungulia nyuma, akagusa ile plagi kubwa ya pini 24 iliyokuwa bado inaonekana ubavuni, akaniuliza, "Hii ndiyo aliyonayo fundi kwa rafu?"

Nikamwambia, ndiyo hii mamdogo.

Akasema, "Haya, funga."